Anzeni na programu, mfumo baadaye: barua ya wazi kwa wakuu wa shule, vyuo na vituo vya afya vya Lubumbashi

Waheshimiwa maprefe wa shule za sekondari, wakurugenzi wa vyuo, waganga na wauguzi wakuu wa vituo vya afya, pamoja nanyi wahasibu mnaoshika funguo za kasha,

Tunawasalimu kwa heshima, baba zetu na mama zetu. Tunaowaandikia ni mafundi wa kompyuta na walimu wa informatike wa Lubumbashi. Kazi zetu ziko katika komini za Kampemba, Katuba, Kenya na Ruashi, na katikati ya mji. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, ofisi zenu zimejaa ushauri unaopingana. Mmoja anawaambia muuze kompyuta zote mnunue zenye Windows 11. Mwingine anataka Windows 11 iingizwe kwa nguvu katika mashine zilizopo. Wa tatu anasema kaeni mlipo, mashine bado zinawaka. Wa nne anataka wote wahamie Linux, mfumo wa bure usio wa Microsoft, tena upesi.

Kila mmoja ana ukweli ndani ya maneno yake, na tutausema. Lakini wote wanne wanaanza na jina la mfumo. Ombi letu ni kwamba msitie saini amri yoyote yenye jina la mfumo kabla hamjaweka mezani orodha ya programu, faili na printa ambazo watu wenu wanazitumia kila juma. Karani wa shule anafanya kazi na jedwali la pointi, barua yenye kichwa cha shule, na printa iliyo pembeni yake. Vitu hivyo vitatu vikigoma siku ya kutoa bulteni, hakuna atakayejali mfumo unaitwaje.

Tuanze na anayesema kaeni mlipo, maana ndiye anayesikilizwa zaidi. Ni kweli Windows 10 haizimiki. Kivinjari cha Edge na orodha za virusi za Defender zitaendelea kusasishwa hadi Oktoba 2028. Kilichokoma ni kuziba matundu ya mfumo wenyewe. Kila mwezi Windows 11 inapotiwa viraka, wahalifu huvichambua viraka hivyo, kisha hutafuta tundu lile lile kwenye Windows 10 ambayo haikuzibwa. Mashine isiyogusa intaneti wala kupokea flashi ya mtu yeyote inaweza kubaki hivyo kwa muda. Lakini ni ofisi gani hapa kwetu isiyopokea flashi?

Ipo huduma ya kuongeza muda, iitwayo ESU. Kwa mtu binafsi inaishia tarehe 13 Oktoba 2026: analipa dola 30, au anatoa pointi 1000 za Microsoft Rewards, au halipi kitu akikubali mipangilio yake ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Mashine iwe na toleo la 22H2, na isiwe imeunganishwa na domeni ya Active Directory, yaani mtandao wa ofisi unaosimamiwa na seva. Kwa taasisi bei ni dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, 122 mwaka wa pili na 244 mwaka wa tatu, jumla 427. Na anayejiunga mwaka wa pili hulipa na ule wa kwanza. Kompyuta ya mitumba haistahili fedha hizo. Kwa shule hesabu ni nyingine kabisa: dola 1, kisha 2, kisha 4. Shule yenye leseni halali za elimu iulizie bei hiyo kabla ya kufikiria jambo lingine lolote.

Fundo liko kwenye maneno hayo mawili, leseni halali. Tuseme wazi: Windows nyingi katika maofisi ya mji huu zimeamshwa kwa kraki, yaani programu ya kukwepa leseni. Kraki kwa kawaida hudai kwanza mzime antivirusi, kisha huomba ruhusa za msimamizi, na kuanzia hapo hamjui tena nani anaingia katika mashine yenye majina ya wagonjwa wenu. Mashine ya namna hiyo haifai kuongezewa muda wala kusafishwa nusunusu. Nakilini faili, futeni diski yote, muanze upya, iwe kwa Windows iliyonunuliwa au kwa Linux.

Sasa Windows 11. Inadai prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft (kwa Intel ni kizazi cha 8 na kuendelea, isipokuwa chache mno, kwa AMD ni Ryzen 2000 na kuendelea, ingawa si zote za 2000), memori ya GB 4, diski ya GB 64, UEFI (programu ya kisasa ya kuwashia mashine) yenye Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwaka), na TPM 2.0 (kichipu cha usalama). Kizazi kinasomeka kwenye jina la prosesa: i5-6300U ni cha 6, i5-8350U ni cha 8, i5-10210U ni cha 10. HP EliteBook 840 G3 na ThinkPad T460 ni za kizazi cha 6, kwa hiyo hazimo. Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 ni ya kizazi cha 3. Na anayewauzia mitumba asiwape jina la modeli tu: ThinkPad T480 ziko zenye prosesa ya kizazi cha 8 na ziko zenye ya kizazi cha 7. Mashine iwashwe mbele yenu, msome wenyewe, ndipo mtoe fedha.

Kinyume chake pia hutokea, mashine nzuri ikahukumiwa bure kwa sababu TPM imezimwa tu katika BIOS, yale mipangilio yanayofunguliwa mashine inapowaka. Bonyezeni Windows na R, andikeni tpm.msc, ikisema haipo, ingieni BIOS mtafute Intel PTT au AMD fTPM muiwashe. Kisha endesheni msinfo32 msome mstari wa Mode BIOS. Ukisema Hérité, diski ina mpangilio wa zamani wa MBR, lakini hakuna haja ya kuifuta: fungueni dirisha la amri kama msimamizi, andikeni mbr2gpt /validate /allowFullOS, na likikubali, mbr2gpt /convert /allowFullOS, ndipo mgeuze BIOS kuwa UEFI. Jaribio hilo hukataa diski yenye sehemu kuu zaidi ya tatu, na mashine nyingi za mitumba zina sehemu ya ziada iliyoachwa na mtengenezaji. Kama BitLocker, inayofunga diski kwa ufunguo wa siri, imewashwa, isimamisheni kwanza na muwe na ule ufunguo wa tarakimu 48 ulioandikwa kwenye karatasi. Bila huo, faili hazirudi.

Kuna fundi atakayewaambia masharti hayo yote yanarukwa. Yanarukwa kweli; Rufus, programu ya kutengenezea flashi ya kusakinisha, ina kisanduku cha kutia alama na kazi inakwisha kwa saa moja. Anachokiacha bila kusema ni kwamba mashine iliyoingizwa hivyo kwa kawaida hailetewi toleo jipya la mwaka, na kila toleo la Home na Pro huhudumiwa miezi 24 tu. Maana yake lazima fundi arudi na flashi kila mara, na asiporudi mmekuwa na Windows 11 isiyo na viraka, yaani pale pale mlipotoka. Tena tangu toleo la 24H2 prosesa zisizo na maagizo ya SSE4.2, kama Core 2 Duo, haziwaki kabisa. Sisi hatushauri njia hii kwa mashine ya ofisi.

Yule wa nne, wa Linux, tunamkubali zaidi kuliko wengine. Lakini haraka yake inatutia wasiwasi, na wapo waliotutangulia katika njia hii, wengine wakarudi nyuma, wengine wakafika. Baraza la jiji la Munich, Ujerumani, liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux. Kufikia 2013 kompyuta kama 15,000 zilikuwa zimehamishwa. Mwaka 2017 baraza likapiga kura kurudi Windows. Sababu zake zinabishaniwa hadi leo na siasa ilikuwemo, ila lalamiko moja lilisikika miaka yote: nyaraka zilizopotea umbo zikipelekwa na kurudishwa na ofisi za nje. Jandameri ya Ufaransa ilishika njia nyingine. Mwaka 2005 ilibadilisha programu ya maandishi tu, ikaweka OpenOffice, programu ya bure ya ofisi, juu ya Windows ile ile. Mwaka uliofuata ikaleta Firefox na Thunderbird. Ilipofika 2008 ndipo ikaanza kuweka Ubuntu, na askari walikuta kwenye skrini programu zile zile walizokwisha kuzizoea. Hadi sasa wanaendelea nayo, kwa makumi ya maelfu ya mashine.

Hilo ndilo tunalowaomba mlifanye, kwa kipimo cha nyumba zenu. Wekeni LibreOffice (programu ya bure ya maandishi na majedwali) na kivinjari cha Firefox kwenye Windows iliyopo leo, bila kugusa kitu kingine. Katika LibreOffice ingieni Outils, Options, Chargement/Enregistrement, Général, mchague kuhifadhi daima kwa Word 2010-365 na Excel, ili faili zinazokwenda kwa mkaguzi au wizarani zibaki .docx na .xlsx. Nyaraka ambazo hazitaandikwa tena zitoke kama PDF. Kisha mwacheni kila mtu afanye kazi hivyo kwa robo ya mwaka wa shule, Office ya zamani ikiwa bado ipo kwa dharura, na pawe na daftari moja ambamo kila kilichogoma kinaandikwa: faili gani, limegoma wapi.

Mtakachokiona tunaweza kuwaambia mapema. Majedwali ya pointi yenye RECHERCHEV na SI yatafunguka bila shida, kwa kuwa ndani ya faili majina ya fomula hayategemei lugha. Makro za VBA, yaani programu ndogo zilizoandikwa ndani ya faili la Excel, zenye vitufe na madirisha yaliyochorwa ndizo zinazovunjika. Hizo ama ziandikwe upya ama mashine hiyo ibaki Windows. Hifadhidata za Access hazihami kirahisi. Uhasibu wa Sage 100 ni wa Windows, basi mhasibu abaki Windows, na msimpotezee muda. Kwa vituo vya afya habari ni njema: DHIS2, inayotumiwa na mfumo wa taifa wa taarifa za afya, inafunguka ndani ya kivinjari, na kivinjari hakijali kilicho chini yake.

Kuna mtego mmoja wa fonti ambao wengi hawauoni katika hatua hii. Mkijaribu LibreOffice kwenye Windows, Calibri na Cambria zimo ndani ya mashine, kwa hiyo kila barua inaonekana sawa. Kwenye Linux hazimo. Mahali pake huja Carlito na Caladea, ambazo herufi zake zina upana ule ule, na mistari inabaki mahali pake. Liberation nayo hufanya hivyo kwa Arial na Times New Roman. Lakini barua iliyoandikwa kwa Tahoma au Segoe UI kwa kawaida haikuti ndani ya Linux mbadala wa kipimo sawa, mistari itasogea, na saini ya prefe itaangukia ukurasa wa pili. Basi badilisheni fonti za violezo vyenu sasa hivi, mkiwa bado Windows.

Printa nazo zipimwe kabla. HP LaserJet P1102, ambayo iko karibu kila ofisi ya mji huu, inafanya kazi na Linux ila inadai kipande cha ziada cha HP kinachopakuliwa kwa amri hp-plugin, na toleo la kipande hicho lilingane na toleo la HPLIP, programu inayoendesha printa za HP kwenye Linux. HPLIP ikisasishwa, printa hunyamaza mpaka hp-plugin iendeshwe tena ikiwa na intaneti. Asiyejua hili atasema Linux imeua printa. Jaribuni kila printa kwa flashi ya Linux bila kusakinisha kitu: mashine inawaka kutoka kwenye flashi, mnachapa ukurasa mmoja, mnazima.

Daftari likishajaa, mashine zitajigawa zenyewe. Zenye kazi ya Windows peke yake na prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu ziende Windows 11 kwa leseni. Zenye kazi ya Windows lakini prosesa ya zamani, hizo ndizo za kubadilisha, na kwa kawaida ni chache: ya mhasibu, pengine na ya sekretari. Nyingine zote, pamoja na chumba cha wanafunzi, ziende Linux. Kwa namna hii fedha mliyotaka kununulia kompyuta za chumba kizima itanunua moja au mbili, na inayobaki iende kwenye SSD, diski za kisasa zisizozunguka.

Tena SSD zije kwanza. Mashine ya kizazi cha 4 yenye diski ya kuzunguka na memori ya GB 4 itakuwa nzito kwa mfumo wowote mtakaoweka. Ikipewa SSD ya SATA ya GB 240 na memori ya GB 8 inarudi kazini kwa miaka. Angalieni memori mnayonunua: laptopu za kizazi hicho zinataka DDR3L ya volti 1.35, na DDR3 ya kawaida ya volti 1.5 inaingia vizuri kwenye nafasi yake halafu mashine haiwaki. Diski ya zamani mkitaka kuibakiza, pimeni afya yake kwa CrystalDiskInfo kwenye Windows au kwa smartctl -a /dev/sda kwenye Linux. Namba 197, sekta zinazosubiri, ikiwa zaidi ya sifuri, okoeni faili na diski hiyo isiwekewe mfumo tena. Betri ndogo ya CR2032 badilisheni kwenye kila mashine ya mezani bila kubahatisha. Ikifa, kila umeme unapokatika tarehe inarudi miaka nyuma na BIOS inarudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Hapo kivinjari kinakataa kila tovuti kwa kisingizio cha cheti, Linux inakataa masasisho, na lawama zinakwenda kwa mfumo mpya.

Kuhusu Linux ipi, sisi wenyewe hatuna kauli moja. Baadhi yetu wanataka Debian kwa utulivu wake. Wengi wetu tunashika Linux Mint 22 yenye Xfce (muonekano mwepesi wa skrini), inayohudumiwa hadi 2029, inayoridhika na memori ya GB 4, na ambayo Firefox yake inakuja kama kifurushi cha kawaida cha deb. Hilo la mwisho lina uzito hapa, maana intaneti tunailipia. Mashine moja ikiwekewa apt-cacher-ng, kila kifurushi kinapakuliwa mara moja na kugawiwa kompyuta zote za chumba. Kwa kila nyingine inatosha faili moja ndani ya /etc/apt/apt.conf.d/ lenye mstari Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142"; (pamoja na nukta-mkato ya mwisho), namba ya anwani ikiwa ile ya mashine yenu. Ubuntu huleta Firefox kwa snap, aina nyingine ya kifurushi, na snap haipiti humo. Pia hatukubaliani juu ya kuweka Windows na Linux pamoja kwenye mashine moja. Walio wengi wanakataa: mtumiaji hurudi Windows kila penye ugumu mdogo, na mnabaki kutunza mifumo miwili.

Mkilazimika kuweka yote mawili, zimeni kwanza kuwaka kwa haraka kwa powercfg /h off, la sivyo Linux itaifungua sehemu ya Windows kwa kusoma tu. Saa nazo zitapishana kwa saa 2 hasa, kwa sababu Windows huandika ndani ya mashine saa ya Lubumbashi na Linux huandika ile ya UTC. Amri ya timedatectl set-local-rtc 1 kwenye Linux inamaliza ugomvi huo. Na kwenye ramani ya usakinishaji chagueni Lubumbashi. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja.

Kibodi ndiyo inayowafungia watu nje siku ya kwanza. Kisakinishi kikiachwa kwenye QWERTY, neno la siri lililoandikwa kwenye AZERTY linakuwa lingine, maana A na Q, Z na W zimebadilishana. Tena AZERTY tulizo nazo ni mbili. Zile zilizotoka Ubelgiji zina @ kwenye AltGr na 2, za Ufaransa kwenye AltGr na 0. Bonyezeni mwone kabla ya kuandika neno la siri.

Diski isipoonekana kwenye kisakinishi, ingieni BIOS mbadilishe SATA kutoka RAID kwenda AHCI. Ila kama Windows inabaki humo, kwanza iwekeni iwake kwa hali salama, vinginevyo itasimama na INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Wi-Fi ya Broadcom isipotokea, unganisheni simu kwa waya wa USB muitumie kama modemu, kisha fungueni Gestionnaire de pilotes. Umeme ukikatika katikati ya masasisho, sudo dpkg --configure -a kwa kawaida huirudisha Linux kwenye mstari. Lakini umeme ukikatika mkisasisha BIOS bila onduleri yenye betri nzima, ubao mama unaweza kufa, na hakuna amri ya kuufufua.

Msimu tunaoupendekeza ni likizo ndefu ya Julai na Agosti. Shule ni tupu, mvua haipo na radi zake, na kuna muda wa kurudia palipogoma. Kabla ya hapo tunawaomba mambo matatu tu. Simamisheni manunuzi yoyote ya kompyuta ambayo hayajalipwa. Mpeni mtu mmoja katika kila nyumba, anayejua kazi za wenzake, kazi ya kushika lile daftari, na mmpe saa za kuifanya. Na maneno ya siri ya msimamizi pamoja na funguo za BitLocker viandikwe, vitiwe ndani ya bahasha, vikae kwenye kasha la mkuu. Visibaki katika simu ya fundi, hata kama fundi huyo ni mmoja wetu.

Kwa heshima,

Mafundi wa kompyuta na walimu wa informatike, Lubumbashi